Sahihi ya Mlezi

Uji ulipoanza kumwagikia jikoni ndipo Mama Watatu alipokumbuka kwamba amepika wa watu watano. Wiki ya tatu hiyo tangu kitinda mimba aende kuanza kazi mji mwingine, na mikono yake ilikuwa bado haijapata habari. Kwanza aliondoka binti mkubwa, akaolewa. Wa kati akafuata kazi ya udereva wa malori. Sasa na huyu. Mumewe, mlinzi wa ghala aliyekuwa ametoka lindoni asubuhi hiyo, alikunywa vikombe vitatu kwa uaminifu, akalegeza mkanda.

"Mama Watatu," akasema, "ukiendelea hivi mimi ndiye nitakayekuwa hao watatu."

"Wewe kunywa. Mimi nina safari."

"Chuoni?"

"Leo ndiyo mwisho wa kuandikisha. Saa nane mchana wanafunga, na wakifunga hawafungui tena mpaka baada ya miaka miwili."

"Nenda. Mimi nalala. Akija mtu mwenye bomba, nitamwambia fundi yuko shuleni."

Alikuwa anatania, lakini ufundi wenyewe haukuwa utani. Ulianzia kwenye koki ya uani, kwenye nyumba ya kupanga ambamo wapangaji wa vyumba sita walichangia bomba moja. Koki hiyo ilivuja miaka minne. Fundi aliyeitwa kila mwezi alijulikana kwa jina la Bwana Kesho, na kama kuna aliyewahi kumwona siku ya leo, ajitokeze. Matone yalizoeleka kiasi kwamba maji yakikatika, panya wa pale walikosa usingizi.

Wiki ya kwanza ya nyumba tupu, Mama Watatu alikosa nguo za kufua. Akaketi juu ya ndoo, akaitazama koki kama mtu anayemtazama mkwe asiyempenda. Akafunga maji kwenye mita. Akaifungua koki kwa spana ya baiskeli ya mumewe, akakuta kipira cha ndani kimeliwa. Akakata kingine kutoka kwenye ndala kuukuu, akakipachika, akakaza. Koki ikanyamaza. Wapangaji wakatoka vyumbani kuuliza nani amekufa.

Kufikia wiki ya pili alikuwa ametengeneza koki tatu za majirani na tangi la choo cha mtaa wa nyuma. Usiku alilala akiwaza viungio vya bomba badala ya kuwaza nani amekula na nani hajala. Ndipo msimamizi wa nyumba akaja.

"Mama, nasikia siku hizi u fundi. Una cheti?"

"Sina."

"Basi usiguse bomba langu tena. Likipasuka nitamshika nani?"

"Lilipovuja miaka minne ulimshika nani?"

Msimamizi akamwambia kwamba akimkuta tena na spana uani, atafute nyumba nyingine. Kwa hiyo ilikuwa cheti, au arudi kuketi juu ya ndoo.

Chuo kilikuwa jengo refu la ghorofa moja lenye ukumbi mwembamba na mabenchi. Karani wa usajili, kijana wa miaka thelathini hivi, aliitwa Mhuri na chuo kizima, kwa sababu mhuri wa ofisi aliuweka mfukoni mwa shati na kwenda nao hata msalani. Walimu waliapa kwamba siku ya harusi yake alipoulizwa kama anakubali, aligonga.

"Shikamoo mama," Mhuri akasema bila kuinua macho. "Semina ni chumba namba nne."

"Marahaba. Sikuja semina."

"Semina ya kina mama ambao watoto wameondoka. Ni mpango mzuri, umefadhiliwa. Kuna fulana na soda."

"Nimekuja kuandikisha ufundi bomba."

Mhuri akamsukumia fomu. "Nafasi zimebaki tatu. Jaza vizuri, usikatekate."

Mama Watatu akachukua kalamu, akajaza haraka haraka, akarudisha. Mhuri akaitazama.

"Umejaza chini tu. Juu, jina la mwanafunzi, hujaandika kitu. Mtoto mwenyewe yuko wapi?"

Mama Watatu akainama kuangalia. Kweli. Miaka ishirini na saba fomu zilikuja nyumbani, za shule ya awali, za msingi, za sekondari, za safari na za chanjo, na yeye alikuwa na sehemu yake moja, ile ya chini kabisa: mzazi au mlezi. Ya juu aliwaachia wenyewe. Mkono ulikuwa umeruka wenyewe hadi chini, kama punda aliyezoea njia ya kisimani.

"Mtoto ni mimi," akasema.

Mhuri akainua macho kwa mara ya kwanza. Akatoa fomu nyingine, taratibu, kama anayeing'oa mwilini. Safari hii Mama Watatu alijaza juu: jina, umri miaka hamsini na mbili, elimu darasa la saba. Chini akatia sahihi yake.

"Hapa hapana," Mhuri akasema. "Huwezi kuwa mwanafunzi na mlezi wa mwanafunzi."

"Nimejilea tangu mama yangu afariki."

"Pole. Lakini fomu ni moja kwa wote, na mkuu hapokei yenye nafasi tupu. Lete mtu mwingine mzima, na kitambulisho, atie sahihi mbele yangu. Una mume?"

"Ninaye."

"Si huyo? Mume ndiye mlezi wako."

"Huyo nimemlea mimi, mwanangu. Uliza waliomwona kabla sijamwoa."

Wanafunzi wawili waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mhuri akamkabidhi fomu ya tatu. "Ya mwisho hii kwako. Saa nane nafunga."

Ukutani ilikuwa saa sita kasoro. Nyumbani ni mwendo wa saa moja na nusu, na kurudi vivyo hivyo. Akampigia binti mkubwa.

"Mama, niko kazini hadi saa kumi na moja," binti akasema. "Eti mlezi wako? Kwani umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Ndiyo shida yenyewe."

Ukumbini mabenchi yote yalikuwa yamejaa. Chumba namba nne kilikuwa na viti, akaingia kupumzisha miguu na kujaza fomu sehemu ya juu. Ndani walikuwamo wanawake kumi na mmoja waliovaa fulana za manjano juu ya nguo zao. Mwezeshaji, msichana mchangamfu, alikuwa na kipaza sauti ingawa chumba kilikuwa kidogo kiasi kwamba akipiga chafya mmoja wote wanaloa.

"Fumbeni macho, mama zangu. Muone ua lililo ndani yenu. Tukimaliza tutalitengeneza kwa karatasi."

Mama Watatu akafumba, akaona koki. Jirani yake wa kushoto, mwanamke mnene mwenye nywele nyeupe, hakuwa amefumba kitu. Alikuwa anakunywa soda.

"Nimekuwa mkunga miaka thelathini na mitano," akanong'ona. "Nimestaafu mwezi wa tatu, wanangu wako mbali, wakaniandikisha hapa kwa simu. Jana tulitengeneza ua. Juzi ua. Wewe mdogo wangu, mbona huna fulana?"

Mama Watatu akamweleza yote, kwa kunong'ona, tangu ndoo hadi Mhuri. Mkunga akasikiliza huku akiitazama fomu.

"Kwa hiyo unahitaji mtu mzima mwenye kitambulisho."

"Ndiyo, dada."

"Na mimi ni mtoto?"

Akamaliza soda, akainuka. Mwezeshaji akauliza kwenye kipaza sauti wanakwenda wapi, mkunga akajibu kwamba ua lake limebanwa na haja.

Mhuri alikisoma kitambulisho mbele na nyuma.

"Uhusiano wenu?"

"Mimi ni mama yake mlezi," mkunga akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu saa sita na robo."

"Mama, hii ni ofisi."

"Ndiyo maana nimekuja na kitambulisho. Ulisema mtu mzima, atie sahihi mbele yako. Mimi hapa, na wewe ndiye huyo mbele yangu."

"Mlezi anahudhuria kikao cha wazazi kila muhula. Mwanafunzi akitoroka, anaitwa yeye."

"Nitakuja. Nina nafasi." Mkunga akamgeukia Mama Watatu. "Na wewe ukitoroka, nakuchapa."

"Sitoroki, mama," Mama Watatu akasema, kwa adabu.

Mkunga akatia sahihi. Mhuri akaitazama saa, akaitazama fomu, juu, katikati, chini. Hapakuwa na nafasi tupu hata moja. Akautoa mhuri mfukoni, akaupulizia, akagonga. Nafasi zikabaki mbili.

"Kozi inaanza Jumatatu, saa mbili. Uje na ovaroli."

"Asante, mwanangu," Mama Watatu akasema.

"Nipe na mimi fomu," mkunga akasema.

"Ya nini?"

"Ya ufundi bomba. Kazi ya kutoa vilivyokwama naijua."

Mhuri akampa, kwa kuwa hakupata sababu upesi. Mkunga akajaza juu. Kisha akaisogeza kwa Mama Watatu, ambaye alikwenda moja kwa moja chini, kwenye sehemu yake ya miaka ishirini na saba, akatia sahihi bila hata kutafuta mstari.

"Haiwezekani," Mhuri akasema. "Mwanafunzi hawezi kuwa mlezi wa mlezi wake."

"Imeandikwa wapi?" mkunga akauliza.

Mlango wa chumba namba nne ulikuwa umefunguliwa. Wanawake watano wa fulana za manjano walikuwa wamesimama ukumbini na maua yao ya karatasi mkononi, wakisikiliza, na wawili kati yao walikuwa tayari wanaulizana nani ana kitambulisho.

Mhuri akaanza kuisoma fomu tangu juu, akifuata mistari kwa kidole. Akafika mwisho. Akaigeuza upande wa pili, ambao haukuwa na neno hata moja, akaendelea kusoma.