Kaka Aliyeokotwa Matopeni

Kaha Diriye alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na vitabu vya watu waliokwama nyikani. Ndivyo vilivyompa riziki, lakini ugomvi ni ugomvi.

Alikuwa na kibanda cha kuazimisha vitabu karibu na soko la Garissa. Vilivyotoka sana, vikarudi vimekunjwa pembe na kunukia mafuta ya nywele, ni vile vya mapenzi vya Kiingereza. Mwanamume na mwanamke wasiojuana, ndege inaanguka, theluji inafunga njia, halafu lo, kumbe kuna kibanda kimoja tu na blanketi moja tu! Manesi walivigombania. Wasichana wa sekondari walivifunika kwa karatasi ya kaki, wakaandika juu yake “Bayolojia”.

“Hebu niambieni,” Kaha aliwauliza wateja wake, mkono kiunoni. “Hao watu hawana shangazi? Wamekaa porini wiki nzima na hakuna hata mmoja aliyemwuliza mwenzake, wewe ni mtoto wa nani? Kwetu hapa ukikwama, hujamaliza hata kukung'uta vumbi, ameshatokea mzee na bakora yake, anataka majina ya babu zako mpaka pumzi ikuishie.”

Wateja walicheka, wakaazima. Na yeye mwenyewe, msimwone hivyo, alivisoma vyote mpaka ukurasa wa mwisho. Akikuta umechanika, alinuna wiki nzima.

Mwaka wa tisini na saba mvua ya El Nino ilipoanza kumwagika, Kaha alikuwa na jambo zito kuliko vitabu. Baba yake, Mzee Diriye, alikuwa amemwita barazani akamwambia bila kuzunguka, “Dekow ameleta posa. Nakupa mpaka Ramadhani. Ukiwa na mtu wako, mtaje. Kama huna, ni Dekow.”

Dekow alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, amefiwa na mkewe, mtu mzuri asiye na kosa, ila alizungumza bei za ng'ombe hata matangani. Kaha alipomfikiria alijihisi amefungiwa zizini. Lakini mtu wake mwenyewe angemtoa wapi? Kwenye rafu?

Basi dada yake Ruqiya alipojifungua kule Habaswein, Kaha alishukuru kupata sababu ya kuondoka. Baba yake alimpeleka mpaka kwenye lori la Yarrow, lililopakia sukari na unga, akamkabidhi kwa Maalim Bare, mwalimu wa chuo cha Kurani mtaani kwao, aliyekuwa akisafiri njia hiyo hiyo. “Maalim,” alisema, “huyu ni amana yako.”

Maalim Bare hakuwa mtu wa kuchezea amana.

Walipita Modogashe salama. Mbele kidogo ardhi ikageuka uji, lori likayumba, likalala upande kama ngamia aliyechoka, magurudumu yakazama yote. Yarrow alishuka, akaangalia, akapiga mlango teke. Mbele maji, nyuma maji. Abiria wakatandaza turubai juu ya mwinuko mmoja mkavu, wakaanza kungoja.

Haya, Kaha amekwama nyikani. Kwenye vitabu, hapa ndipo mambo yanaponoga. Kwake yalinoga hivi: Maalim Bare alifunga kamba katikati ya mwinuko, wanawake huku, wanaume kule. Usiku wanawake walilala ndani ya lori, na Kaha akapewa nafasi pamoja na Ayeeyo Maka, bibi mzee mwenye masikio ya sungura na maswali ya hakimu. Mbu walikuwa wengi kuliko watu. Kwenda msalani kulihitaji ushauri wa kundi zima. Kibanda hakuna, blanketi moja wanaligombania watu sita, na zuri zaidi ya yote ni kwamba Ayeeyo Maka alikoroma.

Siku ya tatu Kaha alikuwa amekaa juu ya gunia, anasoma kwa hasira, ndipo kijana mmoja aliposimama ng'ambo ya kamba.

“Samahani, dada. Ukimaliza hicho, niazime. Nimeshasoma maandishi ya magunia yote ya sukari.”

Jina lake Hanad, fundi wa pampu za visima. Alikuwa ametumwa Habaswein kutengeneza pampu kwa sababu watu walikosa maji. Kila abiria alikuwa ameshamcheka kwa hilo, naye alikuwa amechoka kuchekwa. Kaha hakumcheka. Alimrushia kitabu juu ya kamba, kwa kuwa hata hivyo kilikuwa kimemuudhi.

Kesho yake Hanad alikirudisha, amekunja uso.

“Huyu bwana ameanguka na ndege, amevunjika mguu, hajaoga siku nne, na bado wanasema ananukia msonobari? Mimi sijavunjika chochote, na nanukia mbuzi.”

Kaha aliangua kicheko mpaka akashika mbavu. Miaka yote hiyo alikuwa akigombana na vitabu peke yake, na leo amepata mwenzake wa kugombana nao! Wakaanza kubishana, yeye huku, Hanad kule, kamba katikati.

Ayeeyo Maka naye akaanza.

“Huyo ni nani wako?”

“Si mtu wangu, ayeeyo. Tunazungumza kitabu.”

“Kitabu gani cha kuchekesha hivyo? Maalim! Umesikia?”

Asubuhi, huyo ni nani wako. Chai ikimiminwa, huyo ni nani wako. Kaha akienda kufua kitambaa kwenye dimbwi, bibi nyuma yake, huyo ni nani wako. Maalim Bare naye akaja, akasimama kwa utaratibu, akasema baba yake atamwuliza juu ya amana, naye atajibu nini? Kuanzia leo, mazungumzo basi.

Kaha alikuwa amelala vibaya, amekula uji wa unga bila maziwa kwa siku nyingi, na nguo zake hazijakauka tangu Garissa. Akalipuka.

“Ni kaka yangu wa kunyonya! Mamake alininyonyesha! Haya, mmeridhika? Niacheni nipumue!”

Hata Yarrow aliinua kichwa kutoka kwenye tope.

Sasa, asiyejua na ajue: watoto wawili walionyonyeshwa na mama mmoja ni ndugu, kama waliotoka tumbo moja. Wanakaa pamoja bila pazia, wanasafiri pamoja, hakuna wa kuwasema. Na hawaoani, leo wala kesho. Kaha aliyajua hayo, nani asiyeyajua? Lakini wakati ule hakuwa akifikiria ndoa. Alikuwa akifikiria kumnyamazisha Ayeeyo Maka, basi.

“Ni kweli?” Maalim alimgeukia Hanad.

Hanad alimtazama Kaha, akamwona macho mekundu kwa uchovu, akamhurumia. “Ni kweli, Maalim. Mama alimnyonyesha.”

“Wapi?” Ayeeyo Maka aliruka. “Lini?”

“Masalani,” alisema Hanad, maana ndiko alikozaliwa. “Miaka ile ya ukame.”

Kaha alishtuka kidogo. Hata yeye wazazi wake walimzalia Masalani, walipoteremka na mifugo kufuata mto katika ukame huo huo. Akaona ni bahati njema, uongo umejipatia kitako. Akaongeza mwenyewe, “Mama yangu alikuwa anaumwa, maziwa yamemkauka.” Mama yake alikuwa marehemu, hangeweza kumsuta.

“Mbona baba yako hakunitajia?” aliuliza Maalim.

“Baba alikuwa malishoni na ngamia. Mambo ya kunyonyesha angeyajulia wapi?”

Maalim Bare alifikiri, akaitikia kwa kichwa polepole, akasema alhamdulillahi. Kisha akaifungua kamba kwa upande wao wawili, na Ayeeyo Maka akamwita Hanad “mwanangu” na kumpa chai yenye sukari nyingi.

Ndipo balaa lilipoanza. Walipopewa uhuru, waliutumia. Walitembea kutafuta kuni, walikaa wakaparuza masufuria pamoja, Hanad akimweleza jinsi anavyosikiliza pampu kabla ya kuifungua, Kaha akimsimulia vitabu ambavyo hatavisoma ng'o. Wachunga ngamia walipopita na maziwa, Hanad alimpa kibuyu anywe kwanza. Siku moja Kaha alimwona akijifunga shuka apande lori kumsaidia Yarrow, na moyo ukamwambia waziwazi: ni huyu. Hakuna theluji, hakuna msonobari, tope mpaka magotini, na ni huyu.

“Tukifika, nitaleta wazee kwa baba yako,” Hanad alimwambia.

“Kabla ya Ramadhani,” alisema Kaha haraka.

“Na lile tulilomwambia Maalim?”

“Tutamwambia tulitania. Uongo wa kwenye lori unaishia kwenye lori.”

Hanad hakucheka. Lakini alimpenda, na anayependa huamini anachoambiwa.

Maji yalipungua, trekta likaja kuwavuta, Ruqiya akaonekana na mtoto wake, na hatimaye Kaha akarudi Garissa. Siku chache kabla ya Ramadhani, Hanad alikuja na wazee wake barazani kwa Mzee Diriye. Kaha alikuwa nyuma ya pazia, anasikiliza. Baba yake aliwapokea vizuri, akamsikiliza kijana, akampenda. Ungesema mambo yameisha.

Halafu Mzee Diriye akamwita Maalim Bare aje ashuhudie. Angemwita nani mwingine? Ndiye aliyekuwa safarini na binti yake.

Maalim aliingia, akamwona Hanad, akatabasamu. “Ah! Mzee, umeshamjua kaka wa kunyonya wa binti yako?”

Kaha alitoka nyuma ya pazia bila kuitwa.

“Maalim, nilidanganya! Ayeeyo Maka alinichosha. Niliropoka tu. Hakuna kunyonya, hakuna chochote!”

“Binti yangu,” alisema Maalim, na ubaya zaidi ni kwamba alisema kwa upole, “ulikiri mbele ya watu, naye akakiri. Mkasema mahali, mkasema wakati. Sasa umempenda, unasema si kweli. Sheria haikubali mtu arudi nyuma katika hilo, wala mimi sina uwezo wa kuifungua. Ingekuwa haiwezekani, ningesema mlikuwa wagonjwa wa njaa. Lakini inawezekana.”

“Haiwezekani!” Kaha alipiga kelele. “Mwulizeni mama yake!”

Wakamwita mama yake Hanad, aliyekuwa ndani na wanawake. Alikuwa mama mfupi, mnyoofu, asiyejua kupamba neno. Maalim akamwuliza kama aliwahi kumnyonyesha huyu binti, kule Masalani.

Hanad alimtazama mama yake kwa macho ya kuomba. Kaha naye vivyo hivyo. Neno moja tu: “La.”

Mama yule alimwangalia Kaha kwa muda mrefu. “Mwaka ule watoto walikuwa wanakufa,” alisema. “Mimi Mungu alinijaalia maziwa. Waliniletea wengi, mmoja huku, mmoja kule, hata majina sikuuliza. Nani huuliza jina mtoto anapolia? Siwezi kuapa kuwa alikuwepo. Lakini wallahi siwezi kuapa kuwa hakuwepo.”

Basi, ikaisha. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na Kaha alikuwa amejikwaa ulimi wote, tena kwenye jambo ambalo huenda lilikuwa kweli. Alitamani kumrarua mtu, hakujua amrarue nani. Wote walikuwa wamesema kweli isipokuwa yeye na Hanad, na hata wao hawakuwa na hakika.

Mzee Diriye alivuta pumzi. Alikuwa mtu wa sheria na mtu wa adabu, kwa hiyo alifanya lile lililobaki.

“Karibu nyumbani, mwanangu,” alimwambia Hanad. “Na maadamu wewe ni kaka, kaa. Tuna jambo la dada yako. Dekow anangoja jibu.”

Kaha alifumba macho. Ala! Hata hilo?

Hanad akainua uso.

“Mimi kama kaka yake,” alisema, na sauti ikamkwama kwenye neno hilo, akalirudia, “mimi kama kaka yake, nasema hapana. Dada yangu hamtaki Dekow. Asiolewe na mtu asiyemtaka.”

“Ndugu wa kunyonya hana uwali, hawezi kuozesha wala kukataza,” alisema mmoja wa wazee.

“Uwali sina. Sauti ninayo. Si nimeambiwa ni kaka?”

Maalim Bare alikohoa, akaangalia mkeka. “Sauti anayo,” alikiri.

Mzee Diriye alimtazama kijana, akamtazama binti yake, akatikisa kichwa. “Nitamwambia Dekow hapana,” alisema.

Kaha hakuweza hata kusema ahsante. Alikimbilia jikoni, akalia kwa hasira, akiulaani ulimi wake, na El Nino, na Ayeeyo Maka na chai yake yenye sukari, na kila ndege iliyowahi kuanguka kwenye theluji ikiwa na watu wawili tu. Akasikia mlango. Mama yake Hanad aliingia, akamshika bega, akauliza, “Umekula, mwanangu?”