Kinu Kilichoandikwa Jina la Poh Kim

Kwa heshima na taadhima, ukoo wa Seow wa mjini Melaka unapenda kuwatangazia walimwengu wote, walio hai na waliotangulia, kwamba umealikwa rasmi na Makumbusho ya Urithi wa Waperanakan, yaani Wachina wenyeji wa huko, kuhudhuria uzinduzi wa kinu cha jiwe kilichotoka jikoni mwao. Ukoo utawakilishwa na watu wanne. Ungewakilishwa na watano, ila mkanda wa kiti cha tano garini uliliwa na panya.

Aliyelitoa tangazo hili ni Bibi Poh Kim, akiwa amesimama mezani na glasi ya chai mkononi. Dada yake mkubwa, Bong Neo, alikuwa akimenya uduvi na hakuinua kichwa.

"Umesikia, Dada? Wanataka nitwange mbele ya wageni. Na kibao wameshakiweka. Kinu cha Bibi Poh Kim, bibi harusi aliyechaguliwa kwa mtwango wake."

"Nimesikia," alisema Bong Neo. "Hata hawa uduvi wamesikia."

Mjukuu wa nyumba hiyo, msichana mwenye adabu na akili nyingi aliyekuwa likizoni kutoka shule ya bweni, alicheka kidogo, kisha akakumbuka adabu yake.

Wakati huohuo kinu kikaanza. Tangu kipelekwe makumbusho kilikuwa kikitwanga kila alasiri chai inapomiminwa, na sauti yake ilivuka mto na kuingia mtaani mwao bila kupungua: tok-tok-tok, tung, kisha mchi ukipanguswa ukingoni. Majirani waliokuwa na saa mbovu waliitumia. Makumbusho yaliwahi kupiga simu kuomba radhi kwa kelele, yakaambiwa hakuna neno.

Na kinu kilipotwanga, mkono wa kulia wa Bong Neo ulitwanga pamoja nacho. Uliacha uduvi, ukakunja ngumi kana kwamba umeshika mchi, ukapanda na kushuka hewani juu ya bakuli. Kiganja kiliiva kikawa chekundu, na meza ikaanza kunukia pilipili. Mkono wa Poh Kim ulilala palepale juu ya kitambaa na pete zake zote.

Hakuna aliyeuliza, kwa sababu kila mtu alijua. Zamani mshenga hakuomba kumwona msichana. Alikaa sebuleni, akanywa chai, akasikiliza jikoni. Mtwango uliotulia ulimaanisha mke aliyetulia. Siku mshenga alipokuja kwa akina Seow alisikia tok-tok-tok, tung, akaweka kikombe chini akasema huyo ndiye. Wazazi wakamtoa Poh Kim, ambaye alikuwa ameshapakwa poda. Bong Neo alibaki jikoni, kwa kuwa sambal, ile pilipili ya kutwanga, ilikuwa haijalainika. Baadaye alihamia kwa mdogo wake ili amsaidie kazi za nyumbani, akaendelea kutwanga humo, na hakuolewa.

Mume wa Poh Kim, Baba Cheong Hin, naye alifika. Alikuwa amekufa miaka mingi, lakini kinu kikilia alipita mlango wa mbele akiwa na pajama zake za milia, akavua kandambili, akaketi. Aliketi karibu na Bong Neo.

Poh Kim alimsogezea kikombe upande wake. Marehemu alikirudisha.

"Mkeo ni mimi," alisema Poh Kim.

"Najua," alisema Baba Cheong Hin. "Nasikiliza."

Kinu kilipokoma aliinuka akaenda zake. Poh Kim alikifuta kiti chake kwa kitambaa kikavu, mara mbili, ingawa hakikuwa na kitu.

Siku zilizofuata zilitumika kupanga safari. Poh Kim alichagua kebaya, blauzi ya darizi, ya rangi ya waridi, akaibadilisha kwa ya kijani, akairudia ya waridi. Alinunua kinu kingine sokoni ili afanye mazoezi. Mtwango wake ulisikika kama mtu anayepigilia msumari gizani. Paka alihama jikoni. Kijana wa kuuza gesi aliuliza kama kuna ukuta unabomolewa.

"Dada," alisema Poh Kim hatimaye, akiwa ameketi sakafuni na pilipili machoni. "Siku ile utwange wewe."

Bong Neo aliacha kufagia. "Niende kule?"

"Uende wapi? Mkono wako unafika kule bila nauli. Wewe kaa hapahapa, mimi nitashika mchi mbele ya watu. Mjukuu wetu Siok Hui atapiga simu hapa. Akisema anza, unaanza. Akisema acha, unaacha."

"Kwenye gari kuna nafasi ya nne."

"Ya Siok Hui. Anapendeza kwenye picha."

Mjukuu mwenye adabu, ambaye ni binamu yake Siok Hui na ambaye alikuwa ameshapiga pasi gauni lake, aliendelea kupanga vikombe kabatini. Kimoja kilivunjika.

"Sitaki picha," alisema Bong Neo. "Nataka kukishika. Kuna mahali ukingoni pameliwa na mchi wangu. Nataka nipashike tu, nirudi."

"Siku nyingine, Dada."

"Ipi?"

"Usinianze."

"Na nikiuweka mkono huu mfukoni?"

Poh Kim alijifuta pilipili machoni. Kulisema jambo lililofuata kulimgharimu.

"Uweke. Halafu tuone bwana atakuja kusikiliza nini."

Bong Neo alichukua ufagio akamalizia kona.

Asubuhi ya hafla gari liliondoka likiwa na Poh Kim, mwanawe akiendesha, mke wa mwanawe, na Siok Hui aliyekuwa ametia maua nyweleni. Bong Neo aliketi sebuleni mahali pa mshenga, kwa sababu simu inashika vizuri hapo. Alikuwa amevaa viatu vya shanga ambavyo huvaa Mwaka Mpya. Mjukuu alishika simu sikioni. Marehemu alikuja, japo si kawaida yake asubuhi, na alikuwa amechana nywele.

"Anza," ilisema simu.

"Anza," alisema mjukuu.

Bong Neo alitwanga. Wanaojua walisema hakuwahi kutwanga vile, hata alipokuwa msichana. Baba Cheong Hin alifumba macho. Ng'ambo ya mto kinu kililia, Poh Kim akapandisha na kushusha mchi juu yake, na wageni wakapiga picha. Baada ya muda aliacha, akapangusa jasho, akainama kwa heshima. Kinu kiliendelea. Akaweka mchi mezani. Kikaendelea. Mkurugenzi alisubiri, kisha akatoa hotuba yake yote juu ya sauti ile, na wageni walipiga makofi zaidi kuliko ilivyotarajiwa.

Jioni walirudi wakiwa na furaha. Kibao kimebaki kama kilivyo, ila sasa kinawekewa taa. Makumbusho yameomba onyesho kila mwezi, kwa mpango uleule.

"Nilisema acha mpaka nikakauka koo," alisema Siok Hui akitoa maua nyweleni. "Simu ilikuwa hewani, nakusikia unavyopumua."

"Labda mtandao," alisema mjukuu mwenye adabu.

Bong Neo alikuwa ameloweka mkono kwenye maji ya mchele. Ulikuwa umevimba mpaka kwenye kifundo. Alisubiri wengine waende kuoga.

"Njoo hapa, we mtoto."

Nilikwenda. Ndiyo, ni mimi. Nimekuwa nikijisifia adabu tangu mwanzo, na nilitumaini nitafika mwisho bila kuulizwa.

"Ulimsikia aliposema acha?"

"Nilimsikia, Bibi Mkubwa."

"Ukaniacha nitwange."

"Ndiyo."

Aliugeuza mkono ndani ya bakuli. Alipoinua uso alikuwa karibu kutabasamu, na macho yake yalikuwa yanang'aa kwa namna ambayo sijawahi kuiona.

"Uliona wanavyonionea," alisema. "Ulitaka wajue kuwa si yeye. Ulifanya kwa ajili yangu, siyo?"

Nilifikiria kusema ndiyo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Hapana, Bibi Mkubwa," nilisema. "Kwa ajili ya kile kiti cha nne."