Diski Kati ya Mashemeji

Nilikuwa katikati ya ngazi, diski mkononi, nikimwomba Mungu alainishe moyo mmoja tu kati ya miwili.

Mtihani ulikuwa unasahihishwa ghorofa ya juu. Kazi yangu nilikuwa nimeichapa chini, kwa mwalimu wangu, na mashine ya juu ilikataa kuifungua. Ofisini taipureta zilikuwa zinaondolewa; bosi alishasema asiye na cheti cha kompyuta aage kabisa. Nilikuwa mama mtu mzima, na watoto walikula kwa vidole vyangu hivi.

"Mama, hii ni ya watu wa chini," alisema mwalimu wa juu. "Huku hatusomi takataka."

Nikashuka.

"Amekataa? Aongeze mstari mmoja kwenye mfumo wake wa kompyuta, itasomeka." Mwalimu wangu alicheka. "Huyo nilimpa dada yangu, akataka na mfumo wote uwe wake!"

"Na wewe, mwalimu, huwezi kuuongeza kwako?"

"Kwa nini nianze mimi?"

Nikapanda. Nikashuka tena.

Zamani mfumo ulikuwa mmoja. Mashemeji hao waliuandika pamoja, wakila sahani moja, mpaka wa chini alipotaka ugawiwe bure na wa juu akataka uuzwe. Kila mmoja akaondoka na nakala yake, akawa anaichokonoa hapa na pale, makusudi, ili kazi za kwa mwenzake zisisomeke. Wanafunzi nao wakachukua pande, wakazomeana kwenye korido.

Nilipiga magoti palepale kwenye ngazi. Watu wakaniruka.

"Bwana, siombi kufaulu. Naomba isomwe tu."

Kengele ya kufunga mtihani ililia nikiwa bado nimefumba macho.

Ofisi ilinitoa. Baadaye mkuu wa chuo, aliyechoshwa na ugomvi, alinunua mashine mpya zenye mfumo wa kampuni ya mbali. Ile miwili ikafutwa, wa juu na wa chini.

Nilirudi madarasa ya jioni kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda. Mashemeji walikuwa wameketi benchi la mbele, huyu pembe hii, yule pembe ile, hawana tena cha kufundisha. Nafasi iliyobaki ilikuwa katikati yao. Nikakaa.

"Nani hapa amewahi kutumia kompyuta?" aliuliza mwalimu mgeni, binti mchangamfu.

Sote watatu tulitazama meza. Hakuna aliyeinua mkono.