Pua ya Doña Casilda

Tangu kanivali iishe, taa za hazadi za vani yangu kuukuu zilikuwa zikijiwakia zenyewe. Nikipita kwenye shimo zinawaka, na hapa mjini El Alto barabara ni mashimo matupu. Mafundi watatu walinibadilishia fyuzi, betri, hata waya zisizo na kosa. Wajinga wakubwa!

Nikaenda kwa Doña Casilda, fundi umeme wa kule sokoni. Hakushika hata bisibisi. Aliinama kwenye dashibodi, sketi zake pana zikajaza mlango, akanusa swichi ya hazadi.

"We baba, gari ulilibariki lini?"

"Jumanne ya kanivali, kama watu wote, kwa bia ya Mama Ardhi."

"Na bia ukaimwagia wapi?"

"Kwenye boneti."

Akainusa swichi tena.

"Na kidogo kwenye dashibodi," nikakiri. "Ili baraka ziingie ndani."

Akaing'oa swichi. Ndani ilinata kama peremende, na kipande cha karatasi za rangi tulizorushiana siku ile kilikuwa kimegandia humo. Akaisafisha kwa spiriti na mswaki, akairudisha. Nikabonyeza, zikawaka. Nikabonyeza tena, zikazimika na kutulia. Pua moja imewashinda mafundi watatu na vipimo vyao!

Kwa furaha nikakimbia kununua bia, nikaielekeza garini. Akaninyang'anya chupa, akamwaga tone moja ardhini, akanywa yote iliyobaki.

"Mama Ardhi yuko chini," akasema akipangusa mdomo. "Hajawahi kukaa kwenye dashibodi."