Ukuta Uliobaki

Mwezi mzima mume wangu Mikidadi alihangaika bomani Morogoro, mwaka ule wa hamsini na tatu, mpaka akapewa kibali cha kukarabati nyumba aliyozaliwa. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeliwa na mchwa. Akaniachia karatasi, akaenda kazini kwenye mkonge.

Mimi nikawaita ndugu zangu kutoka milimani. Kwetu ujima hauitwi mara mbili kwa nyumba moja. Watu wakishakunywa togwa yako, kazi iishe siku hiyo. Kaka yangu Dadi alipougusa ukuta wa pili, fito zikamvunjikia mkononi.

"Dada, na huu je?"

"Angusheni tu," nikasema, na furaha zangu. Kufika adhuhuri ulibaki ukuta wa mbele peke yake.

Karani wa ujenzi akapita na baiskeli. Akashuka, akaomba karatasi.

"Mama, kuna kibali cha kukarabati, cha kuongeza chumba, na cha kujenga upya. Hiki ni cha kukarabati. Mnakarabati nini hapa?"

"Si ukuta ule umesimama?"

"Ndiyo maana bado mna nyumba. Ukianguka, hili ni jengo jipya, na mtaa huu jengo jipya ni matofali ya kuchoma na bati. Udongo hawautaki tena."

Matofali ya kuchoma na bati, sisi tunaoezeka kwa makuti! Akauzunguka ukuta, akatia kidole kwenye ufa, akaandika.

"Tena ni hatari kwa wapita njia. Kesho kutwa uwe umebomolewa."

"Sasa niubomoe au niubakize?"

"Mimi nimeandika nilichokiona." Akapanda baiskeli yake. Namchukia mpaka leo.

Kaka Dadi akaninong'oneza turudi kwetu, shamba la mama lipo na huko hakuna anayeuliza karatasi. Kwangu sawa. Mikidadi je, ambaye mama yake alikata roho ndani ya nyumba hii? Wingu likashuka kutoka mlimani, upepo ukavuma, udongo ukaanza kumong'onyoka. Nikauegemea ukuta kwa mgongo wangu wote.

Mikidadi akatokea njiani, akasimama.

"Nani kawaambia mbomoe?"

Wote wakanitazama, nami sikuweza hata kwenda kumpokea, maana ningeondoka pale, ukuta ungeanguka.