Vifungo vya Zulfa

Mwanangu Zulfa ana miaka saba na baridi yabisi ya vidole. Kila miezi mitatu, hospitalini, najaza karatasi ya kupima kama vidonge vinamsaidia. Visiposaidia, ataanza sindano, na sindano anaiogopa kuliko mbwa.

Swali la kwanza: anaweza kufunga vifungo? Nikaandika, kama mara zote, "hawezi."

"Mama Zulfa," akasema daktari Épiphanie, "mwaka mzima hawezi? Basi dawa haifanyi kazi. Nyumbani anajaribu?"

"Hajaribu, muganga. Nyumbani hakuna vifungo."

Mimi ni fundi cherehani, Gitega. Alipougua, nilikata vifungo vya nguo zake zote nikatia lastiki, asiteseke.

Épiphanie akanitazama, akavua koti lake jeupe, akamvika Zulfa. Vifungo vitano. Zulfa akatoa ulimi, akavifunga vyote, kimoja kwenye tundu la jirani yake.

"Tangu lini unaweza?" nikamuuliza.

"Sijui, mama. Sikuwa na vifungo."

Épiphanie akafuta "hawezi," akaandika "anaweza kwa taabu kidogo." Sindano ikaahirishwa.

Jioni nikalitoa kopo la vifungo nilivyokata, nikaanza kuvishona tena, kwanza kwenye gauni lake la sikukuu ya Idi.