Chura wa Ukutani

...kwa hiyo swali la sita, kipengele cha kwanza, amepata, anasema mwalimu wa sayansi, na kalamu yake nyekundu inatembea juu ya karatasi ya mtihani ya binti yangu, ila kipengele cha pili, mzazi, hapa ndipo aliponishangaza, na mimi naitikia ehe, ehe, kama mtu anayesikiliza, kumbe macho yangu yameshaufikia mchoro, na yule kiluwiluwi namjua, ni yule yule niliyemchora mimi kwenye ukuta wa nje wa darasa hili, ana miguu miwili ya mbele, mifupi, vidole vimetanuka, na nyuma hana kitu isipokuwa mkia... Miguu ya nyuma ndiyo hutangulia, anasema mwalimu, na mtoto anajua, tazama, hapa juu ameandika mwenyewe kwa maneno, miguu ya nyuma huota kwanza, kisha ya mbele, kisha mkia hupungua mpaka ukaisha, nimempa alama zote, halafu mstari wa chini yake anachora kinyume, darasa zima wamechora sawa, hata wale wanaoshika mkia, yeye peke yake amekosa, na alama tatu hizo ndizo zilizomtoa nafasi ya kwanza, sasa ana nini huyu mtoto? Naye amekaa kwenye kiti pembeni yangu, mikono mapajani, anatazama viatu vyake. Mimi nakohoa tu. Ni mwalimu mgeni, amehamia muhula huu, hajui kazi yangu, kwenye fomu ya wazazi niliandika fundi, basi, fundi wa nini hakuuliza, na leo nimevaa shati la kutokea, rangi imebaki kwenye kucha tu, nimekunja vidole nizifiche... mwalimu mkuu aliyestaafu ndiye aliyenipa kazi ile, akaniazima na kitabu, fundi, fuata picha ya ukurasa huu, akasema, mimi nikakitia kitabu kwenye mfuko wa vifaa na hakikutoka, fundi mzima nichore chura kwa kuchungulia kitabu cha watoto, watu wakipita si nitachekwa, nikachora kutoka kichwani, nikajiambia mtoto wa binadamu huanza na mikono, hushika, hutambaa, ndipo asimame, basi na chura atakuwa hivyo hivyo, nikaona nimefikiri kweli kweli... na huyu huyu akaja jioni, hajavua hata sare, akasimama chini ya ngazi, baba, akasema kwa sauti ndogo, ya nyuma ndiyo huanza, na waashi walikuwa pale wanakunywa chai, mmoja akacheka, labda hata hakunicheka mimi, nikamwambia wewe mama, mimi nimeshika brashi hujafikiriwa hata kuzaliwa, nenda nyumbani kaoshe vyombo, waashi wakaangua kicheko na mimi nikacheka nao, huku nikiona shingo yake imezama mabegani, nikaendelea kucheka... wala hakuwa ameyasoma kitabuni tu. Alikuwa nao nyumbani, viluwiluwi saba, kwenye kopo langu jeupe la rangi, wiki mbili nzima akiwabadilishia maji kila asubuhi na kuwatilia majani ya mchicha yaliyochemshwa, baba njoo uone, wanaanza kuota miguu, na mimi, baadaye, mama, baadaye, mpaka Jumamosi, kabla sijaanza ule ukuta, nikatafuta kopo la kulowekea brashi, nikaliona lile, nikamwaga kilichomo kwenye mfereji bila hata kutazama ndani... bila kutazama, ningetazama tu ningeiona hiyo miguu ya nyuma, ingenitosha... akarudi kutoka kisimani, akaona brashi zangu kwenye mafuta ya taa ndani ya kopo lake, hakulia, akachukua ufagio akafagia ua ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Nadhani amenakili ule ukuta wa nje, anasema mwalimu, na anacheka kidogo, hacheki kwa ubaya, sijui aliuchora nani, bwana huyo hajawahi kumtazama chura maishani mwake, au wewe mzazi unamfahamu? Simfahamu, neno limeshafika ulimini, jepesi, simfahamu mwalimu, na tungesaini hiyo karatasi tukaenda zetu... lakini amenakili vipi mtu anayejua, mtu aliyeandika sawa kwa maneno mstari mmoja tu juu yake, hakukosea huyu, alikaa na penseli akiijua picha ya kweli, akaona akiichora ni kama kunishusha ngazini mbele ya darasa zima, basi akatoa alama zake tatu, na nafasi yake ya kwanza, ili baba yake asiwe mjinga peke yake... Mzazi? anasema mwalimu, kalamu bado ameninyooshea nisaini, na hapo chini ya meza nasikia kiatu kidogo kinakuja juu ya kiatu changu na kunikanyaga, polepole, halafu kwa nguvu, nyamaza baba, ndivyo anavyoniambia, na yeye bado anatazama chini, hata kope hapepesi, na aibu inanipanda mpaka masikioni, si ya chura tena, chura nitampaka rangi nyeupe kesho nimchore upya na kitabu mkononi mchana kweupe, ni kwamba mtoto wa miaka kumi na mmoja ameingia humu akijua nitakana, amejiandaa kabisa kunikubalia nikane... mzazi, unanisikia? Nakusikia mwalimu, nakusikia, toa mguu, mama, toa mguu wako, mwanangu, niseme.